Kitanda cha Maere

Dunedin, Nyuzilandi
11 Mei 1991

Kwako Kaitira,

Nimefika salama, ila miguu bado haijakubali viatu. Miezi mitatu ya kutembea peku kwenye mchanga wa kisiwa chenu imeniharibu. Jana nilikwenda posta na kandambili, na huku ni baridi ya kukata masikio, jirani yangu akaniuliza kama nimepatwa na msiba.

Kitabu kimeanza. Wale walionileta kuwafundisha wauguzi wa zahanati yenu wanataka kurasa thelathini za kuwasaidia wageni watakaonifuata, wasiingie kama nilivyoingia mimi, nimesimama wima katikati ya maneaba, ukumbi wenu wa baraza, huku wazee wote wameketi. Nitakutumia kipande kipande, unisahihishe bila huruma. Ukurasa wa chakula nimeumaliza: mgeni hula kwanza, wenyeji hungoja mpaka ashibe, na asijitie adabu ya kuwangoja wao, maana watalala njaa. Je, nimesema sawa?

Kisha kuna ukurasa wa kuomba. Nimeandika hivi: “Mtu akikuomba kitu kwa neno bubuti, hukatai, nawe ukiomba kwa neno hilo, hukataliwi.” Nimetoa mfano wa baba mkwe wako, mzee Uriam, alivyoiomba saa yangu ya mkono nikaivua palepale. Na siku ya kuniaga, je! Bado nacheka nikijikumbuka nimesimama na shada kichwani, poda usoni kama mtu wa mashine ya unga, nikasema kwa lugha yenu mbele ya maneaba nzima: “Uriam ana saa yangu, basi nami nasema bubuti, nataka mjukuu wake Maere.” Na mzee akajibu bila kupepesa jicho, “Ni wako.” Makofi yale bado nayasikia.

Mwambie Maere wangu kitanda chake kipo tayari, karibu na dirisha, ila kwa sasa amekilalia paka.

Wako,
Hester


Nonouti
19 Juni 1991

Dada yangu Rotia,

Salamu, na za nyumbani baadaye. Nina jambo, na hapa sina wa kumwambia kwa sababu hapa kila mtu ananipongeza.

Yule muuguzi mgeni, Hester, aliyekaa kwetu, siku ya kuagwa alimwomba Maere. Alitamka bubuti, Rotia, ndani ya maneaba, mbele ya koo zote, kila ukoo umeketi mahali pake. Baba mkwe akatoa. Mimi nilikuwa nyuma na sinia la magimbi, nikasimama nalo mpaka mikono ikafa ganzi. Nilijiambia ni mzaha, maana alikuwa anacheka. Nilipomwambia Toakai hivyo, akanijibu kwamba mzaha hufanyiwa jikoni, maneabani hakuna mzaha. Mume wangu si mtu mbaya. Naye siku mbili hakula.

Nikangoja barua ya mgeni. Nilijiwekea kwamba asipomtaja mtoto, basi ulikuwa mzaha. Jana imekuja. Anauliza habari za Maere wake, wake yeye, na kitanda amekwisha kukitandika karibu na dirisha. Anasema bado anacheka akikumbuka. Nani asingecheka? Amepata mtoto wa miaka sita ambaye hakumuuguza hata homa moja.

Baba mkwe anaivaa saa ile hata akipanda mnazi kugema. Wageni wa nyumba ya pili wakiuliza kama chakula ki tayari, anaitazama kwanza ndipo ajibu.

Kukataa siwezi. Anayekataa bubuti jina lake hutangulia kufa. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi ni mimi. Niambie la kufanya, dada.

Mdogo wako,
Kaitira


Betio, Tarawa
3 Julai 1991

Mdogo wangu Kaitira,

Shule ya masista miaka sita, ukajua kuandika Kiingereza kutushinda sote, halafu unashindwa na mstari mmoja: “Mama Hester, ulikuwa unatania?” Kuuliza si ujinga. Mimi hapa bandarini nawaona wageni kila wiki. Wanataka mtumbwi, wanataka nyumba pale ufukweni, wanataka kuzikwa hapa. Ndege ikiruka wamesahau hata jina la kisiwa.

Na kama kweli amemtaka, basi nawe una mdomo. Bubuti ina milango miwili. Akishampokea mtoto, mwombe wewe akupe, naye atakataaje? Ila usimwombe kabla hajapokea. Hiyo itakuwa kukataa kulikovishwa gauni, na wazee wa huko wanayajua magauni yote.

Mwambie mkweo saa haimwongezi mgema tembo. Najua hutamwambia.

Lakini huyo mama muulize. Mstari mmoja tu.

Rotia


Nonouti
22 Julai 1991

Kwako Bibi yake Maere,

Barua yako ilifika, tukaisoma sote. Ukurasa wa chakula uko sawa. Ongeza kwamba mgeni asikisifu kitu cha mtu mara mbili. Mara ya kwanza ni adabu; mara ya pili mwenye kitu huanza kukifunga kwenye karatasi. Ongeza pia habari ya kulala: mgeni huchagua mwenyewe pa kutandika mkeka wake, na aliyekuwa akilala hapo huhama bila neno. Wewe ulichagua upande wa upepo, ambao ni wa Toakai, na hukujua.

Ukurasa wa bubuti nao ni kweli. Ila sisi huombana huku tukijua pia cha kutoomba. Hilo sijui utawaandikiaje wageni, kwa sababu hata sisi hatukufundishwa kwa maneno.

Kuna jambo moja nilitaka kukuuliza. Huyo paka ana tabia gani? Maere hajawahi kukaa na paka ndani ya nyumba. Na hiyo baridi ya kukata masikio hukaa miezi mingapi? Yeye hana nguo ya mikono mirefu.

Siku hizi simchani nywele. Anachanwa na wifi yangu, ili azoee mkono mwingine. Anajifunza kuhesabu kwa Kiingereza, amefika kumi na nne.

Wako mtiifu,
Kaitira


Dunedin
8 Septemba 1991

Kwako Kaitira,

Bibi yake Maere! Nimelia kidogo, nimecheka kidogo. Sikuolewa, sikuzaa, na sasa nimekuwa bibi kwa njia ya posta.

Paka anaitwa Kapteni. Ni mzee, mnene, na meno aliyobakiwa nayo hayamtoshi kumuuma mtu. Maere akimvuta mkia atageukia upande wa pili tu. Baridi hukaa miezi mitano, lakini bibi gani atamwacha mjukuu wake atetemeke? Fungua kifurushi. Sweta nimeifuma kwa mikono yangu, nyekundu, na urefu nimeukisia kwa kukumbuka alivyokuwa akinifika kiunoni. Mwambie wifi yako amchane taratibu, zile nywele ni mali.

Yale maneno yako, kwamba mnaombana huku mkijua cha kutoomba, nimeyapenda sana. Nimeyatia ukurasa wa kumi na mbili kwa jina lako. Wageni wengi watafaidika nayo.

Magoti yangu hayataki ngazi tena. Nafikiria kuiuza nyumba hii nihamie kwenye nyumba ndogo isiyo na ghorofa. Usimwambie Maere, atauliza kitanda chake kitawekwa wapi.

Bibi yake,
Hester


Nonouti
17 Oktoba 1991

Dada yangu,

Sikumuuliza. Nitukane ukishamaliza kusoma. Mstari wako niliuandika mara nne, na kila nikiusoma naona kwamba nikimuuliza kama alitania, nimemwambia kwamba mimi sikutoa. Nikamuuliza habari za paka badala yake. Amejibu habari za paka, na ametuma sweta.

Basi yamekwisha. Baba mkwe aliipeleka sweta maneabani, ikapita mkono kwa mkono, kila mzee akaivutavuta ile sufu. Wakasema bibi amemvisha mjukuu wake, sasa tunangoja nini? Wakafanya karamu ya kumtoa. Maere aliivaa jua la saa sita, jasho likamtiririka mpaka kidevuni, akakataa kuivua. Aliniuliza kama huko anakokwenda mimi nitakuwa nyumba ya pili au ya tatu. Nilimwambia nitakuwa mbali kidogo kuliko hapo.

Jumatatu anapanda ndege kuja kwako, akae mpaka pasipoti yake itoke. Toakai atamleta. Mimi siji, dada, kwa sababu nikija nitarudi naye, na nikirudi naye tutakuwa watu wa kusimuliwa mpaka wajukuu.

Kichwa cha samaki hali. Akinyamaza sana ujue ana homa. Mwenyewe hatakwambia.

Kaitira


Betio, Tarawa
4 Novemba 1991

Kwako Bi Hester,

Hunijui. Mimi ni Rotia, dada yake Kaitira wa Nonouti, na mwenyewe hajui kama nakuandikia. Anwani yako nimeitoa kwenye karatasi ya kile kifurushi cha sweta, ambayo Maere alikuja nayo.

Maere yuko kwangu wiki mbili sasa. Anakaa mlangoni juu ya furushi lake, na ile sweta yako mwilini, na joto la hapa unalijua. Ndege ikipita anasimama. Pasipoti inashughulikiwa. Wazee wa kule wamemfanyia karamu ya kumtoa, kama ulivyoomba na kama walivyokujibu. Mama yake siku ya safari alikwenda kwenye mashimo ya magimbi akafyeka mpaka ndege ilipopita juu yake. Hayo nimeambiwa na Toakai, ambaye kwa kawaida hasemi mambo.

Nataka unijibu swali ambalo mdogo wangu ameshindwa kukuuliza kwa sababu ana adabu. Mimi sina. Siku ile ulimtaka mtoto, au ulikuwa unafurahisha watu?

Kama ulimtaka, sema unakuja kumchukua lini, maana anangoja. Kama hukumtaka, sema upesi, na uniandikie mimi tu.

Rotia


Dunedin
2 Desemba 1991

Kwako Bi Rotia,

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye ngazi, na nimeketi hapohapo.

Ulikuwa utani. Mungu anisamehe, ulikuwa utani. Uriam aliomba saa, nami nikaomba kitu ambacho nilijua hakuna mtu duniani awezaye kukitoa. Ndiyo maana nilidhani kinachekesha. Kitanda kile ni cha yeyote anayekuja kunitembelea, na hakuna anayekuja.

Nimezisoma tena barua zake zote. Kila kitu kimo: nywele, baridi, paka. Mimi niliyejitia kuwafundisha watu adabu za kwenu nilisoma kila neno nisione kitu, na ile sentensi iliyokuwa inanisihi nikaitia kitabuni.

Mrudishe kwa mama yake kwa ndege ya kwanza. Waambie wazee lolote litakalomlinda. Mimi sina uso wa kumwandikia Kaitira. Kila nilichoandika tangu Mei kilikuwa kamba ya kumvuta mtoto nje ya mlango. Kitabu nimekiacha. Nyumba imeuzwa, nahama kabla ya Krismasi, na sitaacha anwani. Nakuomba msinitafute. Sina hakika nikifungua mdomo tena nitaomba nini.

Hester Macklin


Nonouti
24 Februari 1992

Kwako Mama Hester,

Nakuandikia kwa anwani ya zamani kwa kuwa sina nyingine. Dada ameniambia umehama na hutaki kutafutwa. Labda posta ya kwenu ina akili kuliko ya kwetu na itajua ulipo.

Sikukasirikii. Wewe ulitania, na mimi niliuliza habari za paka.

Maere alirudi siku mbili kabla ya Krismasi, lakini hakurudi kwangu. Rotia ndiye aliyemleta, na aliposimama maneabani hakuweza kulisema neno utani. Angelisema, mzee Uriam angekuwa ametoa damu yake kwa kichekesho, na watu wote waliopiga makofi wangekuwa wamekipigia kichekesho. Kwa hiyo alisema unaumwa, na kwamba umetuomba tukutunzie mjukuu wako mpaka upone. Wazee wakakubali, wakakuombea dua. Dada alifanya alichoweza.

Basi mtoto ni wako, na kwetu ni mgeni. Unaukumbuka ukurasa wako wa chakula? Anakula kwanza, peke yake, nasi tunangoja. Ananiangalia huku anatafuna haraka haraka ili nami niwahi kula. Hatumwi maji. Hagombezwi: juzi alivunja taa, na watu wazima wakamwomba radhi kwa kuiweka njiani. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu wangu ana miezi miwili na hakuna anayethubutu kumpa hata ufagio. Alipofika aliniita mama mara moja, wazee wakamsahihisha kwa upole. Sasa ananiita Kaitira, kama ulivyokuwa ukiniita wewe.

Mzee Uriam siku hizi haitazami saa. Namwona anavyomwangalia mtoto. Lakini neno alilitoa yeye mbele ya wote, na neno la maneabani hana mkono wa kulirudisha. Anayeweza ni wewe peke yako.

Kwa hiyo sikiliza, maana sasa nina haki ya kulisema hili. Mimi Kaitira nasema bubuti: nipe Maere. Andika mstari mmoja kwa mkono wako, kwamba Maere umempa Kaitira. Karani wa wazee atausoma maneabani, na siku hiyohiyo nitamtuma maji.

Huwezi kunikataa, Mama Hester. Uliandika mwenyewe.

Kaitira


Nonouti
15 Juni 1992

Dada yangu Rotia,

Barua imerudi. Haikufunguliwa. Juu yake wamepiga muhuri, na mtu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba mwenyewe amehama na anwani mpya haijulikani. Imezunguka karibu miezi minne, imechakaa pembeni, na gundi niliyoipaka bado imeshika.

Usiniambie tuuandike ule mstari sisi wenyewe. Karani anaujua mwandiko wa Hester, na mimi uso wangu haujui kusema uongo. Toakai anasema tungoje. Nikimuuliza tunangoja nini, anachukua wavu anaondoka. Nilikwenda kwa baba mkwe, nikamuuliza mtu akiomba na aliyeombwa hasikii, ameomba au hajaomba? Akaanza kuivua saa, mkanda ukamshinda. Nilimngoja. Mwishowe akanipa mkono, nikamfungia tena.

Dada, sina la kufanya. Nimeligeuza jambo hili pande zote, na kila upande nakuta watu wema waliofanya inavyopasa. Laiti ningempata mmoja mbaya nimchukie.

Sweta haimtoshi tena mikononi. Ameikunja, anaitumia kama mto.

Jana mchana tulikuwa tumejipumzisha juu ya ulingo wa kulalia, nyumba nzima. Maere alikuja na mkeka wake, ule mzuri wa wageni ambao hakuna mwingine anayeukalia. Alipita kwa kuinama, kama watu wanavyopita mbele ya wazee, akasimama miguuni pangu.

“Kaitira,” akasema, “naweza kulala hapa?”

Kila mtu alikuwa amefumba macho na hakuna aliyelala. Nilimwambia mgeni huchagua mwenyewe pa kulala. Akatandika mkeka wake pale nilipokuwa, nami nikahama bila neno, kama inavyotakiwa. Sikuhama mbali.

Mdogo wako,
Kaitira